Masta Amelala

Asubuhi ya kwanza ya mgomo, stesheni masta alirudi nyumbani saa kumi na mbili na nusu akitembea kama mtu aliyeazima viatu. Alikuwa kazini tangu alfajiri ya jana yake. Mwenzake wa kumpokea zamu hakutokea jioni, hakutokea usiku, na simu ya ofisini ilipolia mara ya mwisho ilikuwa kumwambia kwamba leo hakuna treni tena, afunge aende zake. Akafunga, akaenda zake. Mkewe, ambaye mtaa mzima wa nyumba za reli ulimwita Mama Pacha kwa sababu ya mabinti wawili aliokwisha kuwaoza, alimfungulia mlango akamtazama miguu kabla hajamtazama uso.

"Imevimba tena."

"Nipe maji."

"Ya kunywa au ya kuoga?"

"Yoyote," alisema Masta, na maji yalipofika alikuwa amekwisha kulala juu ya shuka, kiatu kimoja bado mguuni, mdomo wazi.

Mama Pacha alimvua kile kiatu. Alibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki palepale kama alama kwenye unga. Zamani stesheni ile ilikuwa na masta watatu na washika bendera wanne. Sasa masta walikuwa wawili, mshika bendera mmoja, na saa za ziada zililipwa kwa maneno matamu. Mwezi uliopita, katika stesheni ya pili kutoka hapo, kijana wa kuunganisha mabehewa alisinzia akiwa amesimama, akaanguka katikati ya mabehewa. Alikuwa kazini saa ya ishirini na mbili. Ndipo chama kikatangaza mgomo, na ndipo wakubwa nao wakakumbusha kwenye redio kwamba reli ni huduma muhimu, na mtu wa huduma muhimu akigoma hana kazi, hana kiinua mgongo, hana nyumba.

Mgomo wenyewe Mama Pacha hakuupenda hata kidogo. Masta alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. "Baba Pacha," alimwambia wiki nzima, "mtu humla ng'ombe mzima akaja kushindwa na mkia?" Na Masta, ambaye katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuchelewa zamu hata siku ya kumzika mama yake, alimjibu kwamba yeye hana habari na mkia wala pembe, yeye yuko kazini.

Jioni iliyopita, Masta akiwa bado stesheni, Katibu wa chama alipita kuleta karatasi. Alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja, mtu mrefu mwenye sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Shemeji, mpe Masta hii. Kuanzia saa sita usiku, kazi hakuna."

"Na daraja la barabarani limekwenda na maji. Wagonjwa wa huko juu watapita wapi, Katibu? Waruke?"

"Swali zuri. Wakubwa umewauliza?" Katibu alicheka bila furaha. "Sisi ni huduma muhimu siku tukitaka kugoma tu, shemeji. Siku ya mshahara ni watu wa kawaida, tena tunaambiwa tusubiri nje."

Mama Pacha naye akacheka, maana jambo la kweli huchekesha hata kama hulipendi. Karatasi aliiweka chini ya chupa ya chai, na Masta hakuwahi kuisoma.

Sasa, mumewe akikoroma, alitoa koti lake msumarini ili alifue. Lilikuwa zito upande mmoja. Akatia mkono mfukoni, akatoa kijiti.

Mke wa mtu wa reli hahitaji kuambiwa kijiti ni nini. Njia ilikuwa moja, ya kwenda na ya kurudi ndiyo hiyohiyo, na ili treni mbili zisikutane uso kwa uso, kila kipande cha njia kilikuwa na kijiti chake kimoja cha chuma, urefu wa mkono wa mtoto, kimechongwa majina ya stesheni mbili. Dereva aliyekishika ndiye mwenye njia. Asiyekishika hata awe nani haondoki. Hiki kilikuwa cha kutoka hapo kwenda mjini. Dereva wa mwisho, aliyekuwa njiani mgomo ulipoanza, alimkabidhi Masta alfajiri, na Masta, baada ya saa ishirini na nne bila kufumba macho, badala ya kukitundika kabatini alikitia mfukoni akaenda kufunga mlango wa ghala, kisha akaja nacho nyumbani kama mtu anavyokuja na kalamu ya ofisini.

Ilikuwa saa mbili. Mama Pacha alisimama kichwani pa mumewe na kile chuma mkononi. Alipaswa kumwamsha. Hilo alilijua, na hakuna haja ya kumfichia. Lakini nje kulikuwa na sauti. Askari wawili na bwana mmoja mwenye tai walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba wakigonga, wanatafuta watu wa kuwarudisha kazini kwa nguvu. Walikuwa bado nyumba ya tano. Mama Pacha alikirudisha kijiti kwenye koti, koti msumarini. Alitwaa ndoo ya mahindi, akatoka, akafunga mlango kwa nje na kutia kufuli kubwa, lile la safari. Nyumba yenye kufuli nje haina mtu, kila mgonga milango anajua hivyo.

"Leo alale," alijiambia. "Si wamesema hakuna treni?"

*

Kwenye mashine ya kusaga alikuwa wa kumi na mbili kwenye foleni. Saa tatu na nusu honi ikalia. Foleni nzima ikageuza shingo.

"Jamani, si wamegoma?"

"Watakuwa wameokota dereva mahali."

"Mstaafu. Wameamsha wastaafu, nilisikia."

Honi ikalia tena, ndefu mara mbili. Watoto wote wa mtaa ule waliijua honi hiyo kabla ya kujua kuhesabu: dereva anaomba njia. Mwanamke wa mbele alimgeukia Mama Pacha. "Mwenzangu, mzee anaitwa huko."

"Masta amelala," alisema Mama Pacha.

Alilisema vizuri mno, kama mke wa waziri anayemjibu mtu mlangoni, na wanawake wakacheka mpaka mmoja akaketi juu ya gunia. Naye akacheka. Kisha kitu kikampanda kifuani, cha moto na kitamu, ambacho hakukijua kwa miaka mingi. Alikumbuka lile shimo la kidole kwenye mguu. Alikumbuka barua za saa za ziada zilizorudi na muhuri wa "imepokelewa". Honi ikalia mara ya tatu, na Mama Pacha aliyewahubiria wenzake wiki nzima dhidi ya mgomo akasema moyoni: na walie. Siku moja tu, wajue njia hii hufunguliwa na nani.

Hivyo alibaki kwenye foleni. Zamu yake ilipofika alimpisha mzee mmoja, akampisha na mama mwenye mtoto mgongoni. Baada ya kusaga alipita kununua mboga, akabishana bei ambayo siku nyingine asingeibishia. Honi ilikuwa imenyamaza, naye akachukulia kuwa mambo yamekwisha.

Saa saba na nusu alifika kwenye kona ya stesheni na ndoo ya unga kichwani. Treni ilikuwa imesimama palepale.

Abiria walikuwa wametapakaa kwenye kila kivuli. Mlango wa ofisi ya Masta ulikuwa umevunjwa, makabati yametolewa nje, makaratasi ya miaka yote yako chini. Dereva mstaafu, shati jeupe limeloa jasho, alikuwa anafoka kwenye simu: "Kijiti hakipo! Hapana, siwezi kwenda bila kijiti, mimi nina wajukuu! Mkaguzi wa kuniruhusu yuko wapi? Njiani, njiani, tangu saa nne yuko njiani!" Alipomwona Mama Pacha akakata simu. "Wewe si ndiye mkewe? Tumegonga kwako mara tatu. Kuna kufuli. Mumeo amekimbilia wapi?"

Alikimbia, unga ukimwagika mabegani. Ndani Masta alikuwa amelala vilevile alivyomwacha, mkono mmoja umening'inia. Wala hakuwa amesikia honi wala milango.

"Baba Pacha! Treni imeingia!"

Masta aliketi. Alitazama mwanga wa dirishani, kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa koti msumarini, na Mama Pacha akauona uso wa mumewe ukizeeka mbele yake. Hakumwambia kwamba alikiona. Masta alitoka mbio miguu mitupu, chuma mkononi, na mtaa mzima ukamwona.

Lakini treni haikuondoka mara ile. Kwenye mizani ya mizigo, ile ya chini ya kupimia magunia, alikuwa ameketi mwanamke, kijana tu, na mtoto amemfunika shuka mpaka kichwani. Mshale wa mizani ulikuwa umesimama kwenye kilo hamsini na nane, zao wote wawili. Watu walikuwa wamempisha kwa mbali.

"Ni nini?" Masta aliuliza.

"Mtoto alikuwa anabanwa kifua," alisema dereva kwa sauti ya chini. "Wanatoka juu kabisa. Saa sita hivi ndiyo akanyamaza."

Kutoka pale hadi hospitali ya mjini ni mwendo wa saa moja na robo. Mama Pacha alipiga hesabu hiyo bila kutaka. Aliipiga tena.

Mwanamke aliinua macho, akaona sare. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

"Kaka, mngesema," alimwambia Masta. "Mngesema tu haiondoki, ningeshuka nikatembea naye. Treni ikisimama mtu hufikiri itaondoka sasa hivi. Kila mara nilisema, sasa hivi."

Masta alifungua mdomo. Miaka thelathini na mmoja ya matangazo, na siku hiyo hakupata hata moja. "Pole, mama," alisema mwishowe, na lile neno likaanguka chini hakuna wa kuliokota.

*

Mgomo ulikufa siku ya nne, bila kupata kitu. Watu walirudi kazini mmoja mmoja, vichwa chini, wakikwepana macho. Masta alisimamishwa. Alikaa uani kwenye kiti cha chuma akitazama ukuta, na kila siku ya pili alivaa sare akaenda kuhojiwa, akarudi, akavua sare, akaketi tena.

"Wamesemaje?" Mama Pacha aliuliza.

"Wataamua."

"Umewaambia nini?"

"Nilivyojua."

Zaidi ya hapo hakumtoa neno. Masta alikuwa mtu wa kutangaza treni ikishaonekana kwa macho, si kabla.

Mama Pacha hakulala. Usingizi alioutetea kwa kufuli ulimkimbia yeye mwenyewe. Mara nyingi alifika karibu kusema. Alimwekea mumewe chakula akasema, "Baba Pacha," naye akasema, "Naam," na yeye akasema, "Chumvi imetosha?"

Alasiri moja Katibu alikuja kusimama kwenye ukuta wa ua, viwiko juu ya matofali. Alikuwa amekonda kwa siku chache.

"Masta, nimesikia unawaambia ulisahau."

"Nilisahau."

"Najua. Lakini ukisema umesahau, kesho magazeti yote ni uzembe, uzembe. Sema uligoma. Sema nilichoka, nikagoma. Utakuwa umesimama na wenzako."

"Nikisema niligoma," Masta alijibu polepole, "nitakuwa nimemuua mtoto yule kwa kukusudia."

"Na kijana wa mabehewa, aliuawa na nani? Mbona yeye hana mkaguzi? Wewe usingesahau, Masta. Wewe! Saa ishirini na nne ndizo zilizosahau."

"Mama wa mtoto yule hakutuajiri, Katibu. Tunagombana na wakubwa, tunampiga yeye."

"Basi tugome na nini? Tukivaa kitambaa cheusi mkononi wanasema kimetupendeza." Katibu alikuwa na machozi, na hakuyaficha. "Tusipogoma tunakufa mmoja mmoja, kimyakimya. Tukigoma anakufa mtoto wa mtu. Nionyeshe njia ya tatu nami nitaipita leo."

Katibu akapiga ukuta kwa kiganja taratibu.

"Sema ukweli wako. Mimi sitakulaumu. Nimetoka na wewe mbali."

Mama Pacha alikuwa jikoni, mwiko mkononi, na chungu kikaungua mbele yake.

*

Siku ya Jumatano afisa utumishi alimwita Mama Pacha peke yake. Alimpokea katika ofisi ya stesheni, mlango mpya bado unanuka rangi. Alimwagizia chai na biskuti mbili kwenye kisahani, akamwita mama yangu, akamuuliza hali ya mabinti zake. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa kazi yake.

"Mama yangu, kuna kitu kimoja kinanitatiza. Kufuli. Mzee alikuwa ndani amelala. Kufuli lilikuwa nje. Mtu aliyelala hajifungii kwa nje, au vipi?"

"Nilikwenda kusaga."

"Kila siku ukienda kusaga na mzee yuko ndani, unamfungia?"

Mama Pacha aliishika chai kwa mikono miwili. Afisa alisubiri, akichovya biskuti yake.

"Sasa mimi naona mambo mawili. La kwanza, uliona kijiti, ukajua ni nini, ukafunga. Hilo likiwa ndilo, mama yangu, halinihusu. Nalipeleka polisi. Pale kuna kifo." Alinyanyua kidole cha pili. "La pili, kuna mtu aliwaagiza. Mtu wa maneno mengi, aliyewaambia wenzake wafanye na yeye mwenyewe asishike kitu. Huyo ndiye ninayemtaka mimi. Nyinyi sina shida na nyinyi."

"Na Masta?"

"Masta ni mtu mzima, ana miezi saba tu. Nani anataka kumharibia mzee?"

Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia mvua, iwapo Katibu aliwahi kufika pale nyumbani jioni ya mgomo. Hilo lilikuwa kweli, na kila uongo mzuri huanzia kwenye neno la kweli. Alifika, alisema Mama Pacha. Alisema nini? Alileta karatasi. Karatasi tu? Macho ya afisa yalikuwa mema. Mama Pacha aliona mizani, akaona ule mshale, akaona mlango wa polisi.

"Alisema kijiti kisibaki ofisini," alisema. "Alisema tufunge kwa nje, tuonekane hatupo."

"Ahaa. Na Masta alikubali?"

"Alikubali."

"Asante, mama yangu. Umekuwa jasiri."

Aliandika kwa muda mrefu, akageuza karatasi, akamsogezea kidau cha wino bila kuuliza. Mama Pacha alisoma mpaka darasa la saba na alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa mumewe. Lakini alikwisha kushikwa mkono, kidole gumba kikabanwa kwenye wino kama cha mtoto, naye akaona aibu kusema anajua kuandika. Aliacha alama yake chini ya maneno ambayo hakusomewa. Njiani alikifuta kidole kwenye nguo, kikakataa kutoka. Hata hivyo alijiambia kwamba amemwokoa mumewe, na siku mbili nzima aliamini hivyo.

*

Katibu alichukuliwa Ijumaa mchana, mbele ya wanawe, akiwa na bakuli dogo la maharage mkononi ambalo hawakumruhusu kuliweka chini mpaka mlangoni pa gari. Jumatatu tarishi akaleta barua ya Masta.

Masta alivaa miwani. Alisoma mara ya kwanza amesimama. Mara ya pili aliketi.

"Wameandikaje?" Mama Pacha aliuliza. "Baba Pacha, sema basi."

"Walishanisamehe." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizia jambo. "Jumanne ya wiki iliyopita. Kamati ilisema ni usahaulifu, mtu alikuwa kazini saa ishirini na nne. Nikatwe mishahara miwili, kisha nimalize miezi yangu nistaafu. Mwenyekiti alinipa mkono."

"Jumanne? Mbona hukuniambia?"

"Nilingoja karatasi itoke. Nilitaka nikupe ikiwa na muhuri." Alirudi kwenye barua, akafuata mistari kwa kidole. "Sasa wanasema yamepatikana maelezo mapya. Kwamba nilikichukua kwa makubaliano. Kwamba ni mgomo katika huduma muhimu. Nimefukuzwa kuanzia siku ile. Kiinua mgongo hakuna. Nyumba, siku saba." Kidole kikasimama. "Kwa maelezo ya shahidi aliye karibu sana na mtuhumiwa."

Alivua miwani, akamtazama mkewe. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeona taa ya treni mahali ambapo hapana reli.

"Mama Pacha, uliwaambia nini?"

Akamweleza. Alianza na afisa, na chai, na Katibu, na alipofika mwisho akagundua kwamba bado hajafika mwanzo. Basi akarudi mwanzo.

"Nilikiona. Kwenye koti. Saa mbili."

"Saa mbili."

"Ndiyo."

"Honi uliisikia?"

"Niliisikia."

"Ulijua inaomba njia?"

"Nilijua."

Masta alikunja barua mara mbili, akaikunja tena. "Kwa nini?"

"Miguu yako ilikuwa imevimba," alisema Mama Pacha, na hapo akalia, kilio kibaya cha kukatika pumzi. Masta alitazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu aliyemtembelea.

"Nitakwenda kusema kweli," alisema Mama Pacha alipoweza. "Leo hii. Nitawaambia Katibu hakusema lolote."

"Ukisema, watakufunga wewe."

"Na nisiposema?"

"Anafungwa yeye."

Alingoja mumewe aseme nenda. Katika maisha yao yote Masta ndiye aliyejua kanuni, ukurasa gani na mstari gani. Alingoja hadi jua likahama ukutani. Masta hakusema nenda, wala hakusema usiende, na kwa hivyo siku hiyo hakwenda. Kesho yake alivaa viatu akafika mpaka kona ya stesheni, akaona mizani, akarudi. Siku ya tatu hakuvaa viatu.

*

Siku ya saba walikuwa wanafunga mizigo. Binti mmoja aliahidi chumba cha nyuma kwa muda, na alisema "kwa muda" mara tatu kwenye simu. Bwana mwenye tai alikwisha kupita kuhesabu balbu na vitasa vya milango, akaandika kwamba kitasa kimoja kimelegea.

Mke wa Katibu aliingia bila kubisha, kama alivyozoea miaka yote. Naye alikuwa na barua yake ya siku saba, ila yake ilianza jana. Macho yalikuwa yamemvimba. Hakuketi. Alishika upande wa godoro, akamwambia Mama Pacha, "Vuta huko, dada, hii kamba haijakaza," wakalikunja pamoja, Masta akifunga mafundo.

"Umemwona?" Masta aliuliza.

"Nimemwona jana, dakika kumi. Anawasalimu. Anasema Masta asisikitike." Alijifuta uso kwa mkono wa nguo. "Wanasema miaka mitatu, labda minne. Wana shahidi. Mwanasheria wa chama hajaonyeshwa jina, lakini anasema ni mtu wa humuhumu ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Tulikula naye, huyo mtu. Labda alishika hata watoto wangu."

Mama Pacha alikuwa amepiga magoti juu ya godoro ili lisifunguke. Alitazama fundo.

"Sitaki kujua ni nani," mwenzake alisema. "Nikijua nitafanya dhambi. Namwachia Mungu tu. Aliyemuuza mume wangu, asipate pa kulaza ubavu. Alale macho kama ninavyolala mimi. Sema amina, dada."

Mama Pacha alikandamiza godoro kwa viganja. Mke wa Katibu akamwinulia macho, akingoja.

"Amina," alisema Masta, mtu ambaye hakuwahi kudanganya, akavuta kamba.

"Amina," alisema mkewe.